Kiondo Ndani ya Kioo

Picha ilikuwa nzuri kupita kiasi, na hilo ndilo lililomkosesha raha Inspekta Kanyiva. Alhamisi asubuhi, chai yake ikiwa imepoa hadi ikafanya utando, bado alikuwa ameiinamia pale mezani na lenzi ya kukuzia mkononi, kama mtu anayechagua mawe katika mchele wa wageni.

Miaka ishirini na miwili ya upelelezi ilikuwa imemwonyesha picha nyingi za mijengo, na zote huwa mbaya. Zimelala upande, kidole gumba cha mpigaji kimeziba pembe, na toroli la mtu limejitokeza mahali ambapo halikualikwa. Hii haikuwa na ubaya huo hata kidogo. Ilionyesha roshani ya orofa ya nne huko Dagoretti. Kushoto kilisimama kizuizi cha chuma, cheusi, kirefu kufika kifuani. Kulia palikuwa na mlango mpana wa kioo, bado umefunikwa nailoni nyeupe ya kiwandani. Mbele ya hapo kila kitu kilififia polepole, mwisho wa roshani, kisha mabati ya majirani, kisha Milima ya Ngong, vyote vimezama katika ukungu laini kama wa picha za harusi.

Kutoka roshani hiyo, Jumanne ya wiki iliyotangulia, saa tano asubuhi, Kimanzi alianguka akafa. Alikuwa fundi wa vioo, miaka ishirini na tisa, na siku hiyo alikuwa peke yake kule juu. Msimamizi wa mjengo, mtu aliyeitwa Joash, aliupakia mwili katika pikapu na kuukimbiza hospitalini, kisha akawaruhusu wafanyakazi wote waende nyumbani. Askari walipopanda orofani kesho yake walikuta kizuizi kimesimama, na Joash akawatolea picha hii. Aliipiga mwenyewe, alisema, Jumatatu jioni, siku moja kabla ya ajali. Mtu hatelezi juu ya chuma kinachomfika kifuani. Mtu hukipanda. Kwa hivyo faili ilikuwa imebakiza sahihi moja tu ifungwe, na sababu ya kifo iandikwe kwamba marehemu alijitoa uhai.

Sahihi hiyo ilikuwa ya Kanyiva, na haikuwa karatasi tupu. Mazishi yalikuwa Jumamosi, kwao Kitui. Wazee wa kanisa la familia walikuwa wamemwambia mama wa marehemu, kwa upole wa watu waliokwisha kuamua, kwamba wanangoja barua ya polisi ifikapo Ijumaa adhuhuri. Ikisema kijana alijiua, jeneza halitaingia kanisani. Litatoka garini liende kaburini moja kwa moja, bila kwaya. Na Kimanzi alikuwa ameimba sauti ya nne katika kwaya hiyo tangu akiwa kidato cha pili.

Jumatano Kanyiva alikuwa amekwenda Kabiria kumwona mama huyo, Syokimau, mjane mwenye mikono mikubwa iliyozoea mkonge. Alijiandaa kulaumiwa na hakulaumiwa. Mama aliulizia kitu kimoja tu.

"Viatu nimepewa," alisema. "Koti nimepewa. Kyondo yangu sijapewa."

Akakieleza kiondo hicho kwa utaratibu, na inspekta akaandika. Alikisuka mwenyewe, kahawia na buluu. Kwenye mkanda wa tatu wa rangi uzi wa buluu ulimwishia, akamalizia na nyuzi za chungwa alizofumua kutoka neti ya vitunguu, kwa sababu hakutaka kungoja siku ya soko. Alimpa Kimanzi Jumapili, baada ya mkoba wake wa vyombo kuibwa, abebee humo kwa muda. Binti yake Ndanu, mdogo wa Kimanzi, ambaye amepanga chumba karibu na kazini na hakuwa nyumbani Jumapili hiyo, alikuwa akimmiminia mgeni chai. Mama alipotaja neti ya vitunguu, chai ilijaa kikombe, ikajaa kisahani, ikaanza kuteremka mezani kabla msichana hajashtuka. Kanyiva aliihesabu kuwa huzuni na akafuta meza kwa leso yake.

Orodha ya vitu vya marehemu haikuwa na kiondo. Na sasa, Alhamisi hii, lenzi ilisimama juu ya ule mlango wa kioo. Nailoni ilikuwa imebanduka kidogo chini, ikaacha ukanda wazi wenye upana wa kiganja. Ndani ya ukanda huo, kidogo kama punje ya haragwe, palikuwa na kiondo. Kilionekana vizuri, mkanda mmoja, wa pili, na wa tatu ukiwa buluu nusu na chungwa nusu.

Kioo hakizai kitu, huonyesha tu kilichosimama mbele yake. Kanyiva alisogeza lenzi hadi sakafuni, mahali kiondo chenyewe kilipopaswa kuwa, karibu na ukingo. Palikuwa na saruji tupu, iliyofagiliwa.

Alikunywa ile chai baridi kwa mkupuo mmoja na kuita gari.

Orofa nne bila lifti si haba kwa mtu wa magoti mabovu, na Joash, aliyetangulia ngazini akiwa na kofia ya plastiki na viatu visivyo na tone la saruji, hakupunguza mwendo. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Kabla hawajafika juu alikuwa ameshasimulia jinsi Kimanzi alivyokuwa mnyonge wiki nzima, hali chakula na wenzake, na jinsi mlinzi alivyomwona akilia kwenye simu. Kanyiva alikuwa ameshamhoji huyo mlinzi. Mlinzi alimwona akiongea na simu, na kilio kilikuwa kimeongezwa njiani.

Kizuizi kilikuwepo, cheusi, kirefu kufika kifuani. Inspekta alipiga magoti, yakalalamika, akapapasa saruji iliyoshikilia nguzo. Ilikuwa nyeusi kidogo kuliko ya sakafu. Joash alisema walirudia rangi na kuziba nyufa baada ya ajali, kwa heshima. Huenda ilikuwa kweli, maana saruji haisemi siku yake ya kuzaliwa kwa ukucha wa mtu. Kanyiva aliinuka na kumwomba asimame pale pale alipopigia picha.

"Na simu ilikuwa gani?"

"Hii hii, madam. Sina ingine."

"Naomba nipige moja."

Ilikuwa simu ya zamani, kioo kimezibwa kwa selotepu. Kanyiva alisimama mahali pale pale, akapiga picha, kisha akaikuza kwa vidole viwili. Msumari ulioanguka karibu na kiatu chake ulionekana wazi. Mwisho wa roshani ulionekana wazi. Milima ya Ngong, kule kote, ilionekana wazi vile vile, hadi mitambo ya upepo. Simu ile haikujua karibu wala mbali, ilikuwa inaona kila kitu sawa kama mtoto mchanga. Akaiweka kando ya picha yake ya karatasi.

"Hapa nyuma kuna ukungu," alisema.

Joash alitazama. "Si hiyo Monday kulikuwa na baridi? Ngong hushika ukungu sana."

"Ngong, sawa. Na huu mwisho wa balcony, hatua nane kutoka hapa? Nao ulishika ukungu?"

Joash alicheka peke yake. Akasema hizi simu za Wachina hata hazieleweki. Kanyiva akamuuliza, kana kwamba ameshahamia jambo jingine, Kimanzi alikuwa akibebea vyombo vyake ndani ya nini. Begi, alijibu Joash, begi ya kawaida. Na iko wapi? Labda wenzake walichukua, hawa mafundi madam unawajua. Inspekta alikubali kwamba anawajua, akaandika neno moja katika daftari, na kuanza safari ya kuteremka, ambayo kwa magoti yake ni mbaya kuliko ya kupanda.

Langoni palikuwa na bango. Kila mjengo unalo siku hizi, nyumba ikiwa imeshakamilika kabla haijajengwa, yenye bustani, na watu warefu wasio na shida wakitembeza mbwa. Kanyiva alilipita mara mbili wiki ile bila kulitazama. Leo alisimama. Nyuma ya watu hao warefu milima ilikuwa imefifia polepole, laini, kama ya harusi. Chini kabisa, pembeni, kwa herufi ndogo, liliandikwa jina la studio ya picha za kompyuta, orofa ya tatu, barabara ya Tom Mboya.

Mwenye studio, Bwana Huzefa, alikuwa mzee mwembamba wa kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu. Alianza kazi katika chumba cha giza, akisafisha picha za pasipoti na za maharusi, na bado alishika kila picha kwa kingo, kana kwamba haijakauka. Kanyiva hakumwambia lolote juu ya kifo. Alimpa picha na kumuuliza anaionaje.

Huzefa aliitazama kwa sekunde tano. "Hii ni kazi yetu," alisema. "Kwa nini?"

"Nionyeshe kwanza inavyofanywa."

Mzee alipenda kazi yake, na mtu anayependa kazi yake huieleza hata kwa askari. Alifungua katika kompyuta picha ya jumba fulani, safi, kali, kila tofali likiwa na kingo zake. Picha ikitoka kwenye mashine hivyo, alisema, jicho linaikataa, linajua hakuna kamera ilisimama pale. Kando yake akafungua nyingine ya jumba hilo hilo, ya kijivu tupu, kama mzuka wake. Vya karibu vilikuwa vyeupe, na kadiri vilivyokwenda mbali vilizidi kuwa vyeusi.

"Hii ni ramani ya umbali, madam. Nyumba tumeijenga sisi ndani ya kompyuta, kwa hivyo mashine inajua kila kitu iko mbali kiasi gani. Mimi nachukua hii ya kijivu, natia ndani ya programu ya picha, naiambia, penye nyeupe acha safi, na penye giza weka blur, giza ikizidi blur izidi."

Aliburuta kitufe. Jumba lilibaki kali, na miti ya nyuma ikayeyuka taratibu. Kweli ikawa kama picha ya kamera.

"Na kioo?" aliuliza Kanyiva.

Huzefa alimgeukia kwa heshima mpya. "Hapo ndipo wengi huanguka. Ramani inajua kioo iko wapi. Haijui kioo inaona nini."

Kitu kilicho mbali, alieleza, kikionekana ndani ya kioo, kamera ya kweli hukifanyia ukungu wa umbali wake. Ramani haina habari hiyo. Imepima kioo kipo karibu, basi chochote kilicho ndani yake hubaki safi. Simu za bei ghali, zile zinazojitilia ukungu zenyewe, hukosea pia, lakini hukosea ovyo, hula masikio na vishikio vya vikombe. Hii haikula kitu. Ilikosea kwa kufuata sheria. Kisha mzee mwenyewe akaukuta ule ukanda wa kiganja, akakisogelea kiondo hadi pua ikakaribia karatasi, akashuka sakafuni kwa macho, akarudi kwenye kioo.

"Kimetolewa chini," alisema taratibu. "Kimesahaulika hapa."

Agizo lilikuwa katika simu yake na hakulificha. Lilifika Jumanne ya wiki iliyopita, saa nane mchana, saa tatu baada ya Kimanzi kuanguka. Mteja wa Dagoretti alisema atatuma picha ya mjengo, awekewe vyuma vya roshani siku hiyo hiyo, ni ya kumwonyesha mwenye nyumba tu. Huzefa hakuona ajabu. Wateja huja hapa kununua kitu ambacho hakipo, hiyo ndiyo biashara. Faili za jengo zilikuwepo tangu wakati wa bango, kwa namba tu bila jina, kazi ya kijana aliyehama. Alimpa mteja anwani ya barua pepe ya mfanyakazi wake, naye akamaliza kabla ya saa kumi na moja.

Kanyiva akamweleza sasa picha hiyo ilivyotumika. Huzefa alivua miwani. Macho yake yakiwa madogo na uchi, alisema hakujua, akarudia tena kwamba hakujua, na inspekta alimwamini.

"Faili yenyewe nataka. Na picha aliyotuma mteja, kabla haijaguswa."

"Mimi hubaki na ya mwisho peke yake. Ile ingine iko kwa laptop ya msichana aliyefanya. Hayuko. Ni msichana mzuri sana, madam, hakuna mkono kama wake hapa. Ndugu yake alikufa wiki jana, nikampa ruhusa mpaka baada ya kuzika."

Kalamu ya Kanyiva ilisimama.

"Anaitwa nani?"

"Ndanu."

"Kwao ni Kabiria."

"Unamjua?" Kisha mzee alimtazama usoni, akatazama picha, na hakuuliza tena. Alinyoosha mkono kuchukua simu, ampigie msichana amwandae, lakini Kanyiva aliufunika mkono huo kwa wake. Shahidi haandaliwi kwa simu, na faili hufutika kwa kidole kimoja.

"Kule ni matanga, madam," alisema Huzefa.

"Najua. Jana nilikunywa chai huko."

Alikumbuka kile kikombe kilichofurika na leso yake ikifuta meza, akajiona mjinga. Lakini zaidi ya ujinga aliona huruma, na huruma hiyo ilikwenda naye njia yote, hata alipopiga simu kuagiza Joash akamatwe.

Saa kumi jioni hema la buluu na nyeupe lilikuwa limejaa uani Kabiria. Kwaya ilikuwa imekuja kufanya mazoezi ya Jumamosi, ingawa hakuna aliyejua kama wataruhusiwa kuimba. Sauti ya nne ilikuwa na watu wawili, ikisikika nyembamba. Ndanu alikuwa jikoni akimenya viazi na wanawake. Alipomwona inspekta mlangoni, aliweka kisu chini, akanawa mikono, akamwongoza hadi chumba cha kulala bila kuambiwa. Akavuta kipakatalishi kutoka chini ya kitanda.

"Nilikuwa nakungoja," alisema.

Kanyiva alimweleza kwanza yale yanayopaswa kuelezwa, kwamba anaweza kunyamaza, kwamba atakayosema yataandikwa na siku moja yatasomwa mbele ya watu, kwa jina lake. Ndanu aliitikia kwa kichwa. Hakuambiwa jina la mjengo, alisema. Wajomba ndio walikwenda, wakarudi wakisema ni Dagoretti, na Dagoretti ina mijengo mia. Faili ya kazi ilikuwa namba tupu. Hakushuku kitu hadi jana, mama alipotaja neti ya vitunguu.

"Tangu hiyo saa sijalala. Nimejiambia vyondo ni nyingi, Inspekta. Nimejiambia wamama wengi huishiwa na uzi. Lakini kuifungua nimeshindwa."

"Ifungue sasa. Polepole, moja moja, nikiona."

Picha ilikuja kama ilivyokuwa mezani asubuhi. Kazi hizi hupangwa kwa matabaka, moja juu ya jingine, na kila tabaka lina kitufe cha kulizima. Ndanu alizima la ukungu kwanza. Milima ya Ngong ikarudi, na mabati, na kila kitu kikawa kikali. Akazima la kizuizi. Vyuma vyeusi vikatoweka, na roshani ikabaki wazi, saruji ikiishia hewani bila ubao wala kamba. Kanyiva aliandika saa na dakika. Lilibaki tabaka moja, dogo, kiraka cha saruji. Kidole cha Ndanu kilikaa juu ya kitufe muda mrefu.

Alikibonyeza, na kiondo kikarudi sakafuni.

Kilikuwa hatua moja kutoka ukingoni, mdomo wazi, mpini wa kikata kioo umechungulia nje, na ndani kulikuwa na chupa ya chai. Juu kabisa, pembeni, kidole gumba cha Joash kilikuwa kimeziba kona ya anga.

"Hiyo ilikuja saa ngapi?"

"Saa nane na dakika kumi." Alifungua barua pepe iliyokuja na picha, akageuza skrini ili inspekta asome mwenyewe. *Weka rails nyeusi. Ondoa hiyo takataka kwa floor.*

Nje, kwaya iliurudia mstari mmoja mara tatu, ikitafuta mahali pa kupumua.

"Nilipoiona nilitabasamu," alisema Ndanu. Alikuwa akilia sasa, bila sauti. "Nikasema, hata huyu fundi ana mama kama wangu. Halafu nikaitoa. Nilimaliza saa kumi na moja kasorobo, nikafurahia kazi. Saa kumi na mbili mama akapiga simu."

Kanyiva aliziandika saa hizo. Kisha akauliza swali lililokuwa likimwasha tangu asubuhi, kwa sababu faili ilikuwa inalihitaji. Ukungu ulikuwa katika agizo?

"Hapana. Aliomba rails peke yake. Blur niliongeza mimi. Bila hiyo zilikuwa zinaonekana zimebandikwa, na sikutaka kazi yangu itoke hivyo."

"Basi sikiliza, Ndanu. Ungetuma bila ukungu, kila kitu hapo kingekuwa safi, na kiondo ndani ya kioo kingekuwa kitu kimoja kati ya mia. Ningekipita. Na simu ya Joash haiwezi kufanya ukungu. Ni wewe uliyenifanya nitazame."

Ndanu alisikia, lakini uso wake haukubadilika. Kuna maneno ya kweli ambayo huchelewa sana kufika kwa mtu, na inspekta hakujaribu kuyasukuma. Alimwandikia taarifa, msichana akaisoma yote, akatia sahihi.

Ndipo mlango ulipofunguliwa. Syokimau alisimama hapo na kanga mabegani. Alimtazama askari, akamtazama binti yake, kisha macho yake yakaenda kwenye skrini na hayakutoka hapo. Alikuja taratibu, akapiga magoti kando ya kitanda, akaweka kidole juu ya mkanda wa tatu, mahali buluu inapoisha.

"Kyondo yangu," alisema.

"Ndiyo, mwaitu," alijibu Kanyiva, akimwita mama kwa Kikamba.

"Na hapa hakuna chuma."

"Hapakuwa na chuma. Kiliwekwa baadaye."

"Kwa hivyo hakuruka."

"Hakuruka, mwaitu. Alianguka akifanya kazi. Barua nitaileta mwenyewe kesho kabla ya saa nne, na Joash tunaye tangu saa tisa."

Mama alifunga macho. Midomo yake ilisema jambo ambalo halikuwahusu wao wawili. Kanyiva alikuwa ameshakunja daftari lake na angeweza kutoka wakati huo, maana sheria haikumlazimisha kusema zaidi ya hapo chumbani humo. Alimtazama Ndanu, akimwachia hiari.

"Mama," alisema Ndanu, "ile picha ya uongo ni mimi niliitengeneza. Nilitumiwa nikiwa kazini, sikujua. Kyondo niliitoa mimi."

Syokimau hakugeuka mara moja. "Uliiona?"

"Niliiona."

"Siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo, mama. Nikasema inafanana na yako."

Kisha ule mkono mkubwa ulitoka kwenye skrini ukatafuta kichwa cha binti, ukakivuta hadi begani, na mama naye akalia, kilio cha chini, cha mtu aliyekuwa akikizuia siku tisa hadi ajue analilia kifo cha namna gani. Inspekta Kanyiva alitazama ukuta. Alikuwa amefunga kesi mia mbili na zaidi, na hakukumbuka nyingine iliyomtia aibu ya kuwa amefaulu.

Walipotulia, mama alijipangusa uso kwa ncha ya kanga na kusema anaitaka picha hiyo. Kanyiva alimwambia barua inatosha, wazee wa kanisa hawatauliza picha. Mama alisema barua ni ya wazee, picha ni yake.

Ndanu alivuta kipakatalishi magotini aitayarishe kwa kuchapishwa. Mkono wake, kwa mazoea tu, ulikwenda kwenye kona ya juu, ukakizungushia mstari kile kidole gumba kilichoziba anga, tayari kukifuta. Ukasimama. Aliutazama mstari huo, akaufuta, akaihifadhi picha kama ilivyokuja.